Gari bovu mtaani: limetelekezwa, au linasubiri?

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una gari lake. La kwetu ni Corolla nyeupe iliyokaa juu ya matofali tangu watoto wa jirani hawajaanza shule. Matairi yalishaondoka, na kwenye kioo cha nyuma neno "Inauzwa" linasomeka kwa taabu. Kuku wa muuza supu hutagia humo.

Wanaotaka magari kama hayo yavutwe wana hoja nzito. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda hifadhi ya barabara. Njia ya mtaa ni nyembamba. Gari bovu likiibana, la zimamoto halipiti. Masika yakianza, takataka hunasa chini yake na mfereji ukaziba. Halafu kuna mbu wa dengi, ambaye kifuniko cha soda chenye maji kinamtosha kutaga, sembuse tairi kuukuu. Dar tuliionja dengi 2014, ikarudi 2019.

Neno "limetelekezwa" ndilo linalonitatiza. Gari lililoko gereji bubu, ile isiyo rasmi ya pembeni mwa njia, injini imeshushwa, mara nyingi halijaachwa: mwenyewe analipa kwanza ada ya shule, gia boksi itafuata. Lipo pia gari la marehemu, ambalo hakuna mwenye mamlaka ya kuliuza mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Na lipo lililouzwa mara tatu kwa kuandikishana tu, kadi ikabaki na jina la mmiliki wa kwanza. Ilani ya halmashauri itamfikia huyo, aliyekwishalisahau.

Likishavutwa, kuna gharama ya bredauni na ya kulilaza yadi, inayopanda kila siku. Kwa gari bovu, haichukui muda deni kuipita bei ya chuma chakavu. Hapo ndipo mwenyewe analitelekeza kweli. Na tusiwaonee raia peke yao. Chungulia nyuma ya vituo vya polisi uone magari yaliyoshikiliwa kama vielelezo vya kesi, yameota majani.

Kenya wana sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38. Mwenye gereji au yadi hutangaza namba ya gari katika Gazeti Rasmi, na mwenyewe hupewa siku 30 alipe na kulichukua, la sivyo linapigwa mnada. Nani hasa hulisoma gazeti hilo, sijui. Ila angalau siku zinahesabika.

Mimi ningeangalia lilipo kabla ya ubovu wake. Lililo juu ya mfereji au katikati ya njia lipewe siku chache, liondoke. Lililo ndani ya uwanja wa mtu liachwe, mradi halifugi mbu. Gereji bubu isiguswe kabla fundi hajaonyeshwa pa kwenda. Na ilani ibandikwe kwenye kioo cha gari na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, maana huko wanawajua wenye magari kuliko kadi inavyowajua.

Nilimuuliza mjumbe wetu kuhusu ile Corolla. Hakuhitaji hata kutazama namba. Mwenyewe alishafariki, watoto wanagombea nyumba mahakamani, na gari limo humo humo kwenye kesi.