Kagueni kwanza, msifyeke tu
Nimesoma habari inayosema miti yote ya barabara yetu hapa Jinja itakatwa kwa kuwa inaumwa. Jamani, kagueni mmoja mmoja! Mjakaranda wa pale stejini kwa boda umeota uyoga mgumu wa kahawia shinani, na ukiugonga unasikia ni mtupu ndani. Huo ukatwe upesi kabla haujaangukia watu. Lakini mkiacha kisiki, kuvu inayozaa uyoga huo itabaki humo na kuhamia mti wa jirani kupitia mizizi inayogusana, kwa hiyo ng'oeni na visiki. Wachimba mitaro ya nyaya nao, ambao habari haikuwataja kabisa, wazuiwe kukata mizizi ovyo. Ugonjwa huingilia kwenye vidonda hivyo. Palipobaki wazi pandeni aina nyingine, si mijakaranda tena.