Tazameni dalali kwanza: Mount Airy ya Philadelphia na mitaa yetu ya Kisumu

Wakenya wa huku majuu wakikutana, hakosi mmoja wa kusema kwamba Wamarekani wana ubaguzi wao wa rangi, sisi tuna ukabila wetu, na yote ni roho ya binadamu tu. Mambo ya roho tuwaachie wahubiri. Ukiuchunguza mtaa wa West Mount Airy, kaskazini-magharibi mwa Philadelphia, utaona weusi na weupe wamekuwa majirani tangu miaka ya 1950 kwa sababu kuna watu walioketi wakamsoma dalali wa nyumba, wakajua pesa yake inatoka wapi, wakamwekea vikwazo. Kisumu na Nakuru huyo mtu hatujamsoma bado.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa korti haziwezi kutekeleza mapatano ya kutowauzia weusi nyumba. Madaktari, mawakili na walimu weusi wakaanza kutafuta nyumba nzuri pale zilipo, na madalali wakaona mavuno. Kazi ilifanywa hivi: dalali anaiuzia familia moja ya weusi nyumba katikati ya mtaa wa weupe. Kabla hata mizigo haijateremshwa, anapiga simu na kubisha milango ya jirani: uza sasa, ukingoja bei itaanguka. Wa kwanza anauza kwa hasara, wa pili akiona hivyo anaingiwa na hofu. Dalali anazinunua kwa bei ya chini na kuwauzia weusi kwa bei ya juu, maana mnunuzi mweusi hana pengi pa kuchagua. Benki nazo zilikuwa hazimkopeshi, kwa kuwa tangu miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali la mikopo ya nyumba zilikuwa zimepaka rangi nyekundu mitaa ya watu wake, yaani ni hatari kukopesha huko. Faida inaingia mara mbili, na mtaa mzima unabadilika katika miaka michache. Kinachohitajika ni haraka. Mwenye nyumba akipata muda wa kutulia na kuuliza bei halisi, biashara hiyo inakufa.

Hapo ndipo Mount Airy walipomkabili. Kuanzia 1953 makanisa na sinagogi za eneo hilo ziliungana, na mwaka 1959 kikaundwa chama cha wakazi, West Mount Airy Neighbors. Walifanya kazi za kuchosha, za kamati: kumtembelea mwenye nyumba aliyesikika anataka kuuza, kumpa hesabu za kweli, kukaa na madalali kuhusu mabango, kupinga majumba makubwa yasikatwekatwe kuwa fleti. Bango lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mtaa wenye mabango matano ya "Inauzwa" unaonekana kama watu wanakimbia, hata kama wawili wamehamishwa kikazi na mmoja amestaafu. Mji wa Willingboro, ng'ambo ya mto huko New Jersey, ulijaribu kuyapiga marufuku kwa sheria, na mwaka 1977 Mahakama ya Juu ikaifuta kwa misingi ya uhuru wa kujieleza. Amri ilishindwa, kwa hiyo ikabaki njia ya maelewano, ambayo inakula jioni nyingi.

Bahati pia ilikuwepo, na wanaousifu mtaa huu huipitia haraka. Nyumba zake nyingi ni za mawe ya kienyeji ya Wissahickon, yenye chembe zinazometameta jua likipiga, ziko kandokando ya bonde lenye msitu, na treni ya mjini iko karibu. Nyumba kama hiyo huiachi kwa simu moja ya dalali. Na weusi waliohamia walikuwa watu wa kipato kama cha majirani zao. Mmoja wao ni Sadie Alexander, ambaye mwaka 1921 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata shahada ya uzamivu ya uchumi. Mount Airy iliweza rangi, lakini pesa haikuigusa. Mlinzi wa hospitali, awe mweusi au mweupe, hakununua pale enzi hizo, na leo ndiyo kabisa.

Sasa tuje nyumbani. Kisumu ilizaliwa imegawanywa. Reli ilifika Port Florence, jina la zamani la Kisumu, mwaka 1901, na mnamo 1913 Profesa Simpson akaletwa kushauri kuhusu afya ya miji, akapendekeza kila rangi ikae peke yake, akitoa magonjwa kama sababu. Mzungu akashika Milimani penye upepo, Mhindi akakaa juu ya duka lake mjini, na Mwafrika aliyeajiriwa akapewa lokesheni, mtaa uliotengewa Waafrika, kama Kaloleni. Wengine wote walijisitiri nje ya mpaka wa manispaa, kwenye mashamba ya wenyeji: Nyalenda, Manyatta, Obunga. Mpaka uliposogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijiji hivyo vikaingia mjini vikiwa havina mitaro wala barabara. Hadi leo ukitoka Milimani kwa miguu kuingia Nyalenda utajua umevuka mstari bila kuonyeshwa kibao.

Sisi nasi tulikuwa na wakati wetu wa kuuza kwa hofu. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwabana Wahindi wasio na uraia wa Kenya. Uingereza ilipotangaza kuwafungia mlango wa kuhamia huko mwaka 1968, wengi waliondoka kwa pupa, na mwenye haraka hapati bei. Tofauti ni kwamba Marekani aliyetia hofu ni dalali, Kenya ilikuwa serikali. Kwa hiyo nyumba za Milimani zilipata wenyewe wapya bila mtu kuketi kuuliza mtaa uwe wa nani. Bei ndiyo iliyoamua, na ingali inaamua.

Halafu kuna kabila. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, watu wengi Nakuru na Kisumu walihamia mitaa ya watu wao. Hilo linaeleweka, mtu aliyekimbia usiku na watoto huwezi kumhubiria utangamano. Lakini tangu hapo mgawanyiko unaendeshwa kimyakimya, mlangoni. Unampigia dalali simu, nyumba ipo. Anakuomba ada ya kuonyeshwa, unatuma kwa M-Pesa, ujumbe unamfikia ukiwa na jina lako, na jina linataja kabila. Dakika kumi baadaye keateka, msimamizi wa nyumba, amesema imechukuliwa jana. Pesa hairudi, na ushahidi huna.

Wamarekani ushahidi wa namna hiyo huutafuta kwa majaribio ya watu wawili, na Mahakama ya Juu ilishakubali mwaka 1982 kuwa mjaribu aliyedanganywa ana haki ya kushtaki. Sisi tuna Katiba, kifungu cha 27, na Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, ambayo inagusa hata uuzaji na usimamizi wa mali. Kinachokosekana ni watu wa kufanya kazi hiyo, na chama cha wapangaji hakihitaji mfadhili kuianza. Chukueni wawili wenye kazi na mshahara unaolingana, tofauti iwe jina tu. Waulizie nyumba ileile kwa keateka yuleyule, siku ileile, kwa maswali yaleyale: ipo, kodi ngapi, depositi miezi mingapi, kuna nyingine? Kila mmoja aandike majibu na saa kabla hawajazungumza, la sivyo watakubaliana bila kujua. Mwenye jina mnaloshuku linakataliwa atangulie, maana akienda wa pili, jibu la "imechukuliwa" huenda likawa kweli. Jaribio moja halitoshi hata hivyo. Rudieni kwa nyumba nyingine za msimamizi huyohuyo, na mhifadhi jumbe zote za malipo.