Chaji Asilimia 71, Gari Maiti

Mjomba wangu ni dereva mstaafu wa malori ya dizeli, na kisa hiki hukisimulia kila anapopata watu wawili wasio na haraka. Kila akikisimulia, gari langu la umeme linapungua. Mara ya mwisho nilipomsikia, lilikuwa limebaki kigari cha kusukumia mtoto. Kwa hiyo nami natoa ushahidi wangu, maana ndiye niliyeshika usukani.

Tulikuwa tunakwenda harusini. Mjomba, kaka wa mama, alikaa mbele pembeni yangu. Shangazi, dada wa baba, alikaa nyuma peke yake, kwa sababu gauni lake lilihitaji siti nzima. Hawa wawili wanaheshimiana sana na hawajawahi kukubaliana jambo lolote, hata saa ya kuondoka.

Mjomba alifungua kesi kabla ya safari.

"Washa basi twende."

"Limeshawaka, mjomba."

"Mbona halitoi sauti?"

"Ndivyo lilivyo."

Akaweka kiganja juu ya dashibodi kutafuta mtetemo. Hakuna. Akaniangalia kwa huruma. Njiani akasema magari haya ni ya juzi, yaachwe kwanza yakomae. Nikamjibu kwamba gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme, mwaka 1899, huko Ufaransa, na aliyeliendesha alikuwa Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy. Mjomba akanyamaza. Sauti ikatoka nyuma: "Umejibiwa, shemeji."

Ningeomba gari lisubiri angalau kilomita moja baada ya maneno yale. Halikusubiri.

Skrini ilizima, ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Likaja onyo la breki za ABS. Kabla sijamaliza kulisoma likafuata la mifuko ya hewa, halafu la usukani, la breki ya mkono, la upepo wa matairi, na la mlango ambao eti uko wazi. Niliwahi kukaa kliniki jirani na mzee aliyekuja kwa ajili ya jino tu. Daktari akakosea kumuuliza "na kingine?", mzee akaanzia utosini akashuka hadi kwenye kucha. Gari langu lilikuwa mzee yule. Na katikati ya malalamiko yote hayo, pembeni, namba ya kijani imetulia zake: 71%.

Halafu akatokea kobe.

Magari kadhaa ya umeme yana alama ya kobe. Ikiwaka, kompyuta imebana nguvu ya mota ili kulinda mitambo, nawe unatakiwa ujikokote hadi mahali salama. Ni alama ya njano, imechorwa kwa upendo, hadi miguu inaonekana.

"Hicho nini?" mjomba akauliza.

"Kobe."

"Kobe anafanya nini humo?"

"Anasema twende polepole."

"Kwani tulikuwa tunakwenda kasi?"

Akaniamuru nikanyage mafuta. Nikamkumbusha kwamba hayamo. Tukapitwa na mtu wa baiskeli. Kisha tukapitwa na mtu anayeisukuma baiskeli kwa mkono, tairi lina pancha. Huyu alitusalimia vizuri sana akatuacha.

Gari la mafuta likizima utajua. Litakohoa, litatikisika, litakata. Letu lilikuwa kimya likiwa hai, likawa kimya likiwa maiti, na kwa mwendo wa mita kadhaa tuliserereka bila mtu kujua kwamba tumefiwa. Nilipata habari kupitia mikono: usukani ukawa mzito ghafla, kwa kuwa nao husaidiwa na mota ya umeme. Nikakanyaga breki, nayo ngumu, kwa sababu ile nguvu ya kumsaidia dereva ni ya umeme vilevile. Breki yenyewe ipo na inashika, ila inadai mguu mzima na mgongo juu yake. Nikalisogeza hadi kando ya barabara. Kitendo chake cha mwisho duniani kilikuwa kujifunga lenyewe kwenye gia ya P, ile ya kuegesha. Skrini ikawa nyeusi, na ile 71% ikaenda nayo.

Hapa ndipo mjomba anapopotosha watu, kwa hiyo ngoja nieleze. Gari langu lina betri mbili. Kubwa imelala chini ya sakafu, ya volti 400 hivi, na ndiyo inayozungusha magurudumu. Gari likiegeshwa, betri hiyo hutengwa kabisa na mitambo mingine kwa swichi nzito ziitwazo kontakta, umeme mkubwa usibaki unazurura kwenye nyaya bila kazi. Kinachozishika kontakta zisiachie wakati wa safari ni umeme wa betri ya pili, ndogo, ya volti 12, kama unayoikuta kwenye gari la kawaida. Hiyo hiyo ndogo inalisha kompyuta, taa, vitasa, vioo na honi. Na yangu ni ya madini ya risasi na tindikali, jamii aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, miaka 40 kabla ya Jenatzy wangu wa kutambia. Ikiishiwa nguvu, kontakta zinaachia, na utajiri wote wa chini ya sakafu unakosa mlango wa kutokea. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Akasema lori lake likishawaka ungeweza kung'oa betri ukaenda kuiuza, lenyewe linaendelea na safari. Inauma kwa sababu ni kweli. Dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika huwasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa tu, hazitaki cheche, na zikishaanza kunguruma hazina shida na betri ya mtu.

Milango ya mbele ina kishikio cha dharura kinachovuta waya, kwa hiyo mimi na mjomba tulitoka. Shangazi akabonyeza kitufe cha mlango wake. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, nifungulie."

Vitasa vya nje vimezama ndani ya bodi na huchomoza kwa umeme. Cha ndani ni kitufe cha umeme. Ipo njia ya dharura kwa milango ya nyuma, na imeelezwa vizuri, kwa picha, kwenye kitabu cha maelekezo. Kitabu cha maelekezo kimo ndani ya skrini.

Watu walishaanza kujaa. Bwana mmoja mwenye koti akapaza sauti: "Msiliguse! Lina umeme hilo!" Umati wote ukarudi nyuma. Akawafundisha kwamba ukiligusa na miguu iko ardhini, habari yako imekwisha. Nikawaeleza kwamba nyaya za umeme mkubwa ni zile za rangi ya chungwa, zimetengwa na bodi ya gari, na kwa wakati ule zilikuwa zimeshakatiwa. Nikalipiga paa kofi kuthibitisha. Yule bwana akawaambia wenzake nimevaa viatu vya raba.

Shangazi alikuwa anasikia yote kupitia kioo.

"Mwanangu, kwani mimi nimekalia nini?"

"Betri, shangazi."

Hakusema neno. Alichomoa kibanio cha nywele, akachokonoa mfuko wa mlango, akabandua kifuniko ambacho mimi sikuwahi hata kukiona, akapata kamba, akaivuta. Mlango ukafunguka. Akashuka na gauni lake lote, akasema mtu aliyelea wavulana hashindwi na kifuniko.

Kisha ushauri ukaanza kumiminika. Mmoja alikuja na galoni ya petroli na roho safi kabisa. Nilipokataa akanisihi: "Hata nusu lita? Lionje tu." Vijana wenye vifua vyao wakajitolea kusukuma. Nikawaambia liko kwenye P, kuna jino la chuma limeuma mle ndani. Wakasema jino hilo halijakutana nao. Walisukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama. Gari liliinama kidogo kwa heshima, likarudi pale pale.

Akaja mtoto wa shule na pawabenki ya simu, akanipa kwa mikono miwili. Nikampigia hesabu palepale: pawabenki ya milliampea-saa 10,000 ina takriban wati-saa 37, na betri yangu kubwa ni kilowati-saa 60, kwa hiyo tungehitaji zaidi ya pawabenki 1,600. Mtoto akafikiri.

"Lakini si umesema kubwa ina chaji? Si ndogo ndiyo imekufa?"

Mjomba akamwambia aende kwao.

Fundi aliyefika alikuwa binti, na mkononi ameshika kisanduku kidogo chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kisanduku cha kubusti. Ndani yake mna betri ya lithiamu, na kwa sura na umbo ni pawabenki iliyokula vizuri. Mtoto, ambaye hakwenda kwao, alikitazama kisanduku, kisha akamtazama mjomba kwa muda mrefu.

Kukawa na tatizo dogo. Betri ndogo iko chini ya boneti. Boneti hufunguliwa kwa umeme. Umeme huo unatoka kwenye betri ndogo. Ningependa siku moja nikae na mhandisi aliyepanga jambo hili, tunywe maji, anieleze polepole. Lakini binti hakushtuka. Alibandua kifuniko kwenye bampa ya mbele, panapofungwa ndoano ya kuvutia, akatoa nyaya mbili nyembamba zilizofichwa humo, akazigusisha kwenye kisanduku. Boneti ikaruka.

Mjomba akawa wa kwanza kuingiza kichwa. Aliona uvungu mtupu, mwavuli wangu na jozi ya ndara. Akanivuta pembeni kwa sauti ya msiba.

"Mpwa wangu. Hapa pameibwa."

Fundi akafunga nyaya zake kwenye betri. Chini ya sakafu zikasikika kontakta zikigonga, *ta!*, na skrini ikawaka na namba yake ile ile, 71%, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tumelala. Watu wakapiga makofi. Bwana wa koti naye alipiga, kwa mbali. Ujumbe ukajitokeza: *Programu mpya iko tayari. Ungependa kuisakinisha sasa?* Sijawahi kuona kidole kikibonyeza "hapana" kwa kasi kama kile cha yule binti.

Akachukua kipimo cha volti. Gari likiwa limewaka na kila kitu ni kizima, betri ndogo inatakiwa isome volti 13 na nusu hadi 14 na kitu. Alipoondoa kisanduku ilisoma 11.8. Tukiwa tunaangalia ikawa 11.6. Ikawa 11.5. Skrini ikaanza tena kupepesa na kunitajia mifuko ya hewa.

"Betri yako haina kosa," akasema. "Imekufa njaa."

Kilichokufa kwanza ni kibadilishaji cha umeme, kifaa kinachochota umeme wa volti 400 na kuushusha hadi volti 14 hivi ili kuichaji ile ndogo. Kwenye gari la mafuta kazi hiyo hufanywa na altaneta. Kilizima bila kuaga, na betri ndogo ikaendelea kubeba peke yake kompyuta, feni, redio na mabishano yetu, hadi ikachoka. Ukibusti utaliamsha, lakini hutafika nalo popote.

Kuliburuta kwa kamba hairuhusiwi pia, kwa sababu magurudumu yakizunguka yanaizungusha mota, nayo mota ikizungushwa inageuka jenereta na kumwaga umeme usio na mwenyewe. Lazima lipandishwe mgongoni. Likaja lori la kubebea magari. Lilisikika kabla halijaonekana, na ni la dizeli, la zamani, linatoa moshi wa kutosha kijiji. Sikuthubutu kumtazama mjomba usoni. Fundi akaliamsha gari kwa kisanduku, akaliweka N, gia huru, winchi ikalivuta hadi juu, likafungwa mikanda. Sisi tukabanana kwenye kichwa cha lori, shangazi na gauni lake dirishani, mjomba karibu na dereva. Wale wawili waliongea habari za pampu za dizeli hadi nikahisi ni mimi niliyekaa kati ya ndugu waliopotezana.

Njia ya karakana ilikuwa inapita ukumbini, na shangazi akasema hatapitishwa mbele ya harusi kama mzigo. Dereva akakata kona, akaingia getini na honi ndefu.

Hebu fikiria walichokiona wageni. Lori. Juu yake gari jipya linang'aa, limefungwa mikanda myekundu. Kutoka kwenye kichwa cha lori anashuka shangazi, amejaa gauni, akifuatwa na mzee wa upande wa mama. Mshereheshaji hakuhitaji kuambiwa. Akaruka kwenye kipaza sauti: "Jamani, familia imeleta gari!"

Ukumbi mzima ukasimama. Nilimtazama mjomba asahihishe. Nikamtazama shangazi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu wazazi wangu waoane, wale wawili walikubaliana jambo: wote waliinua mkono kupokea makofi.

Bwana harusi alikuja mbio na kiganja wazi. Ningefanyaje? Nikampa ufunguo. Akabonyeza. Akasogea karibu zaidi na lori, akabonyeza tena, akautikisa, akaupulizia. Shangazi akachomoa kibanio cha nywele, akamkabidhi.