Sifuri iliyoandikwa kwenye lebo

Chukua kopo la mafuta ya kupikia ya kupuliza linalouzwa Marekani, uligeuze usome jedwali la virutubishi. Kalori 0. Mafuta gramu 0. Shuka kwenye orodha ya viambato: cha kwanza kabisa ni mafuta. Wala hakuna aliyevunja sheria hapo. Kipimo cha mara moja kwa mafuta ya aina hiyo ni robo gramu, na kanuni zinaruhusu mafuta yasiyofika nusu gramu kwa kipimo, na nishati isiyofika kalori 5, kuandikwa 0. Mpishi akipuliza mpaka gramu 4 zikakaa kwenye kikaango, ameongeza kalori 36, na lebo haikumwonyesha hata moja.

Nimeanza na kopo hilo kwa kuwa mabishano kuhusu lebo za vyakula huishia pale pale kila mara: walaji wanataka kuelezwa kila kitu, wazalishaji wanalia gharama. Kila upande una hoja za kweli. Tatizo ni kwamba hoja ya gharama hutumiwa kama mwavuli, ikafunika hata mambo yasiyo na gharama yoyote.

Kilio cha wazalishaji kwanza, maana hupuuzwa upesi mno. Mwenye kiwanda kidogo cha biskuti hana maabara. Anachofanya ni kuchukua mapishi yake, kutafuta virutubishi vya kila kiambato kwenye majedwali yaliyochapishwa, kujumlisha, kisha kugawanya kwa uzito. Akigawanya kwa uzito wa unga uliokandwa, kabla haujaokwa, amekosea. Kilo 10 zikiingia kwenye oveni, tuseme zinatoka kilo 8.5, kwa sababu maji yameondoka na mvuke. Sukari haikwenda popote. Biskuti alizoziandikia gramu 20 za sukari kwa kila gramu 100, kumbe zina 23.5. Kanuni za Marekani zinavumilia ziada ya hadi asilimia 20 kwenye sukari, mafuta na sodiamu, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa 24. Amepona kwa nusu gramu, na hajui hata kwamba alikuwa ukingoni.

Huyo si tapeli. Sheria yenyewe haimlazimishi kupima maabara, inamruhusu kupiga hesabu, ila mzigo wa ukweli wa hesabu hiyo unabaki mabegani mwake. Juu ya hapo kuna vifungashio. Marekani ilipolibadilisha jedwali lake mwaka 2016, ikaongeza mstari wa sukari iliyoongezwa na kukuza maandishi ya kalori, kila kifungashio kilihitaji kuchorwa na kuchapwa upya. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi 1 Januari 2020 kwa kampuni zenye mauzo ya dola milioni 10 au zaidi kwa mwaka, na 2021 kwa zilizo chini ya hapo. Kampuni kubwa huigawa gharama hiyo kwa mamilioni ya pakiti. Mdogo anaigawa kwa elfu chache, huku marundo ya mifuko ya zamani yakimwangalia stoo.

Ndiyo maana naukubali msamaha uliopo: mzalishaji mwenye wafanyakazi wasiofika 100, anayeuza pakiti zisizofika 100,000 za bidhaa fulani kwa mwaka, anaweza kuipa taarifa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, akaachana na jedwali kwa bidhaa hiyo. Lakini akiandika tu kwenye pakiti kwamba bidhaa ina mafuta kidogo au nyuzinyuzi nyingi, msamaha unakufa. Kipengele hicho nakipenda sana. Anayejisifu kwa lishe aonyeshe takwimu.

Upande wa walaji una ushahidi usiopingika kirahisi. Chile ilianza mwaka 2016 kulazimisha alama nyeusi za pembe nane mbele ya pakiti zenye sukari, sodiamu, mafuta mabaya au kalori kupita kiwango, kisha ikakaza viwango hivyo mwaka 2018 na 2019. Kilichofuata ni kwamba viwanda vingi vilibadilisha mapishi ili kuikwepa alama. Kumbe lebo inamsaidia hata mtu asiyeisoma. Hapo pia pana doa, na ni haki kulitaja: sehemu ya sukari iliyoondolewa ilirudi kama vitamu visivyo na kalori, vikiwemo kwenye vyakula vya watoto. Mzalishaji hufuata kile hasa kinachopimwa, wala hatakwenda hatua moja zaidi.

Sasa turudi kwenye ile 0. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1169 ya mwaka 2011, unataka takwimu ziandikwe kwa gramu 100 au mililita 100. Kipimo cha mara moja ni nyongeza ya hiari. Kwa utaratibu huo lile kopo lingeonekana lilivyo, karibu lote mafuta. Wanaopinga husema hakuna anayekula gramu 100 za kiungo cha mchuzi, na ni kweli. Basi ziandikwe safu mbili, ya gramu 100 na ya kipimo. Mwenye biskuti alishaipata takwimu ya gramu 100 kabla hajafika kwenye kipimo, kwa hiyo hatozwi chochote zaidi ya wino. Ikiunganishwa na mabadiliko mengine ya kifungashio, hata uchapaji hauwi gharama mpya. Hapa sioni hoja ya kweli ya kupinga, isipokuwa kwamba 0 inauza.

Kwenye mzio ndipo pananitia uchungu zaidi. Msamaha wa wadogo hauhusu mzio, na hivyo ndivyo inavyopaswa: sukari iliyokosewa kwa gramu 3 haimpeleki mtu hospitali usiku huo, lakini ufuta usiotajwa unaweza kumuua. Marekani iliuongeza ufuta kwenye orodha yake ya vizio vikuu, yaani vyakula vinavyoleta mzio, ukawa wa tisa, kuanzia 1 Januari 2023. Baadhi ya viwanda vya mikate vikaona kusafisha mitambo mpaka isibaki hata chembe ni kazi ngumu na ghali. Vikachagua kutia unga kidogo wa ufuta kwenye mikate ambayo haikuwa nao, kisha vikautaja kwenye lebo. FDA ilieleza kwamba haipendi jambo hilo, ila halikuwa kosa kisheria.

Nawaelewa viwanda kwamba usafi wa kiwango hicho si mchezo. Lakini sheria iliyotungwa ili wenye mzio wapate cha kula iliwapunguzia vya kula, na lebo ikiwa sahihi herufi kwa herufi. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya kanuni: kizio kisitiwe kwenye chakula kwa lengo la kukwepa kusafisha mtambo. Hadi hapo, mzazi wa mtoto mwenye mzio anaisoma upya lebo ya mkate ambao mtoto huyo ameula miaka yote bila shida, na safari hii anaurudisha rafuni.