Beberu wa mkuu kafika Uhuru bila kulipa kiingilio

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya walimu, yenye watu wanaokohoa kwa kucheka, nimeisikiliza. Aliyeirekodi ni mwalimu mwenzangu wa Hisabati, mtu ninayekula naye ugali sahani moja, na kwa maelezo yake mimi NILIBEBWA na mbuzi. Sikubebwa. Ngojeni nisimulie mwenyewe kabla hajaongeza kwamba tulishukia mnadani.

Watoto wangu wa Darasa la Nne ni wa Singida, Kilimanjaro wanaijua kwa njia zao. Nilipouliza ni nini, mmoja akajibu, "Maji!" Mwingine, "Bia ya baba!" Na wathibiti ubora wa shule walikuwa njiani. Nikasema hapa picha ya kitabuni haitoshi, nitatengeneza zana ya kufundishia ambayo kanda ya kati haijapata kuiona.

Tukajenga mlima chini ya mwembe. Udongo wa kichuguu, ndoo kwa ndoo, kila sentimita moja ikisimama badala ya mita 50. Kibo, kilele kirefu kuliko vyote, na mita zake 5,895 ikafika sentimita 118. Mawenzi, kilele cha pili, yenye mita 5,149 ikapata 103. Shira tukaiacha bapa huko magharibi, ndivyo ilivyo. Upana niliubana, la sivyo tungemeza nusu ya uwanja wa mpira. Chini kabisa tukachomeka matembele yawe migomba na kahawa, juu yake msitu wa mvua wa mchicha na majani ya mlonge, kisha vichaka vya nyasi kavu, kisha jangwa la kokoto. Na Uhuru pale kileleni, kibendera cha karatasi kwenye kijiti cha mshikaki.

Theluji ndiyo iliyonisumbua. Unga ungependeza, lakini upepo wa Singida mnaujua, ungeufikisha Manyoni kabla kipindi hakijaanza. Nikanunua chumvi ya mawe. Ndiyo, ile ile wanayonunua wafugaji. (Mliofuga mmeshajua tunakoelekea. Kaeni kimya, wenzenu wanasoma.)

Siku yenyewe mthibiti, mama mmoja mwenye miwani na uso usiotoa siri, akaketi nyuma pamoja na mwalimu mkuu. Nilianza vizuri mno! Nikawapa hadithi ya Wachagga, ya Mawenzi anayezimikiwa na moto kila mara na kwenda kuomba kaa kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga, na ndiyo maana Mawenzi ana mapengo hadi leo. Watoto wakacheka. Mthibiti akaandika. Kuona kalamu inatembea, kichwa kikanivimba. Nikaupa mlima mgongo, nikawa naelekeza kwa fimbo nyuma yangu bila kutazama, kama mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni.

Hapa twende polepole, maana ndipo nilipozikwa.

Mkono ukanyooka. "Mwalimu, msitu unaisha!"

"Vizuri sana! Mpigieni makofi." Wakapiga. "Na msitu unaisha kwa sababu gani?"

"Unaliwa!"

"Tuseme unakatwa. Na wakati mwingine unachomwa moto."

Mwingine akasimama kabisa. "Mwalimu, na theluji inapungua!"

Ndugu zangu, machozi ya furaha yalinilenga. Mtoto wa Darasa la Nne anazungumzia theluji kupungua, tena mbele ya mthibiti! Nikamwambia kweli, tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imepotea.

"Mwalimu, mimi naiona inapungua."

"Kwa macho huwezi kuiona, ni jambo la miaka mingi."

"Lakini Mwalimu…"

"Usibishe. Kaa chini."

Akakaa. Darasa zima limeziba midomo kwa viganja, nami nadhani ni nidhamu. Nikamtazama mwalimu mkuu nipate kichwa cha kukubali, nikamkuta anachunguza ncha ya kiatu chake. Sikujiuliza. Nikaendelea na swali nililoliandika kwenye andalio la somo kwa wino mwekundu: "Ni mnyama gani anaishi kule kileleni?"

Watoto wote, kwa pamoja, "MBUUUZI!"

Nikacheka kicheko cha mtaalamu. "Hapana. Kileleni hakuna majani, usiku ni baridi ya kugandisha maji, na oksijeni mtu anayoipata ni karibu nusu ya ile ya pwani. Mbuzi atafuata nini huko?"

Nyuma yangu kitu kikajibu, "Meee."

Na mimi, mhitimu wa chuo cha ualimu, nikasema, "Nani huyo analia kama mbuzi? Asimame!"

Hakuna aliyesimama. Aliyekuwa amesimama alishasimama zamani, miguu yote minne ndani ya shimo la volkano la Kibo, beberu la mwalimu mkuu, ndevu nyeupe kwa theluji, na kibendera kinaning'inia mdomoni. Kijiti cha mshikaki anakitafuna bila hata kushtushwa na maana yake. Kwa alama za kwato alizoacha, alipandia njia ya Machame, ile ya wapanda mlima.

Nikampiga fimbo ya kuonyeshea. Sikuipunguza nguvu. Beberu akaruka kutoka Kibo kwenda Mawenzi kwa hatua moja, Mawenzi ikamomonyoka chini yake, mimi nilikuwa nimeshajirusha kumshika pembe, na udongo wa kichuguu uliolowa mnajua unavyoteleza. Tulishuka pamoja. Narudia, PAMOJA. Yeye chini, mimi juu, kupitia jangwa, vichaka, msitu, hadi kwenye matembele. Kama hiyo kwa watu wa Hisabati ndiyo inaitwa kubebwa, mimi sina la kusema. Suruali ilikuwa ya Jumapili.

Mengine ni mafupi. Mkuu kaja kukagua mbuzi wake kwanza. Mbuzi kamaliza ndoo ya maji ya walimu kwa kiu ya ile chumvi. Mthibiti, naambiwa, alimwona tangu anaanza kula mchicha, akadhani ni sehemu ya zana, akaandika kwamba somo linahusisha mazingira halisi. Sikumsahihisha. Mkuu naye hakumsahihisha, maana angelazimika kusema mbuzi ni wa nani.

Kwenye zoezi la kesho yake niliwaambia wataje kanda za uoto za Kilimanjaro kutoka chini kwenda juu. Zaidi ya nusu ya darasa wamezipanga sawasawa, mashamba, msitu, vichaka, jangwa. Juu kabisa wameandika chumvi.

Na wewe uliyenitumia stika ya mbuzi amevaa koti la baridi, namba yako sijaihifadhi lakini picha yako naiona. Mwezi wa mitihani unakuja na utanitafuta nikusaidie kusahihisha.