Mwitaji Mzuri Hunyamaza Mapema

Huu ni mwaka wangu wa sita New Hampshire, na katika mambo ya Wamarekani lililoniteka kuliko yote ni ngoma ya kontra. Mji mdogo wa Nelson una desturi ya miaka mingi ya kuicheza Jumatatu usiku katika ukumbi wake wa mikutano, kwa fidla na piano.

Kwa asiyeijua: watu husimama safu mbili ndefu zinazotazamana, kila mtu na mwenzi wake. Safu hukatwa vikundi vya watu wanne, jozi namba moja na jozi namba mbili. Wanne hao hufanya miondoko ya mapigo 64, kisha namba moja hushuka, namba mbili hupanda, na kila jozi hukutana na jozi mpya. Duru moja huisha kwa nusu dakika hivi, nayo hurudiwa mara 15 au zaidi. Asili yake ni Uingereza (John Playford alichapisha maelezo ya ngoma za jamii hii London mwaka 1651), na vijiji vya New England, eneo hili la kaskazini-mashariki mwa Marekani, viliishikilia hata ilipofifia kwingine. Kama si viongozi wa ngoma hii kama Ralph Page, na baadaye Dudley Laufman aliyewaingiza vijana miaka ya 1960, sidhani ningeikuta.

Lakini ninayetaka kumsema ni mwitaji. Ndiye anayesimama jukwaani kando ya wapiga muziki, akafundisha ngoma kabla haijaanza, kisha akatangaza kila mwondoko muziki ukienda. Nilijaribu kumwita manju, lakini manju hutunga na kuimba na mwenyewe ndiye kivutio. Huyu akiwa kivutio, ujue mambo yameharibika.

Nimeshakutana na aliyeharibu. Jioni moja, katika ukumbi nisioutaja, mwitaji alitueleza ngoma moja mpaka mwenye fidla akaketi. Alieleza mkono, akaeleza bega, akaeleza macho yatazame wapi. Tulipoanza, safu ilikatika duru ya pili. Maneno yake yalikuwa sahihi yote, ila mguu haukumbuki sentensi. Kuna mwondoko ambao wanne hupishana bega kwa bega, ndani na nje, kama miyaa inavyopishana kwenye ukili. Hakuna mdomo utakaoueleza huo. Waite wanne wanaoujua, waonyeshe mara moja, basi. Vivyo hivyo na somo la wageni la nusu saa kabla ya ngoma: silipingi, ila nililojifunza humo lote lingenifikia kwa duru tatu nikiwa na mwenzi mzoefu. Mgeni hufundishwa na mikono ya jirani zake. Kosa kubwa ni kuwaacha wageni wacheze wao kwa wao mwisho wa safu. Huko ndiko jozi husimama duru moja ikisubiri, namba moja akageuka namba mbili, na ndiko watu hupotea.

Nikajiona najua, nikaomba kuita ngoma moja. Nilifedheheka. Neno la mwitaji lazima liishe kabla ya pigo la kwanza la mwondoko unaofuata, maana yake unasema wakati watu bado wanafanya kingine. Mimi nilikuwa nasema palepale. Mchezaji asikie, afikiri, ageuke: mapigo matatu yamekwenda, na jirani yake anazungusha hewa.

Baadaye nikagundua kwamba nafasi ya kusema ni mapigo manne ya mwisho, na kila pigo hubeba silabi mbili kwa raha. Silabi nane! Sisi tuliokariri mashairi shuleni tunazijua: hizo ni mizani za kipande kimoja. Nikakaa jikoni nikahesabu kwa vidole. Sa-fu mbe-le sa-fu nyu-ma, nane. Pi-ta-ne-ni m-go-ngo-ni, nane. M-zu-ngu-she ji-ra-ni-yo, nane. Tangu siku hiyo, hata nikiita kwa Kiingereza nahesabu.

Na hesabu hiyo ndiyo iliyonipa msimamo katika ubishi mmoja wa huku. Zamani wachezaji wa pande mbili za jozi waliitwa mabwana na mabibi. Sasa kumbi nyingi husema Lark na Robin, majina ya ndege, kwa kuwa Lark husimama kushoto na Robin kulia, na herufi za kwanza ndizo za kushoto na kulia kwa Kiingereza, ili yeyote acheze upande wowote. Wapo wanaonung'unika. Mimi nasema aliyechagua majina hayo alikuwa na sikio: yana silabi sawasawa na yale ya zamani ya Kiingereza, gents na ladies, moja na mbili, na miito ya zamani inakaa bila kupinda.

Mwaka jana, kwenye sherehe ya kwetu huku, Watanzania, Wakongo na Warundi ukumbini, nikaita kontra kwa Kiswahili. Waliosimama kulia niliwafunga kanga kiunoni, wanaume kwa wanawake, wakawa Kanga. Wa kushoto wakawa Njiwa. Nikatangaza, "Zungukeni kwa kulia!" Mizani nane kamili. Mama mmoja wa Bukavu akasimama katikati ya safu: "Tulie nini, mwanangu? Sema kuume!" Ukumbi ukaangua kicheko, nasi tukaanza upya. Nikasema kuume usiku kucha.

Nilifundisha kwa dakika tatu, nikaita duru nne zote, ya tano nikaita nusu, ya sita nikafunga mdomo. Safu ikaendelea, kanga zikipepea. Mzee mmoja, Njiwa, akanipigia kelele akiwa mbali: "Bwana, mbona kimya, umechoka?" Nilitaka kumjibu, lakini jozi nyingine ilikwisha mfikia, na mkono wake ulikuwa umeshashikwa.