Uzito Nao Uandikiwe Dozi

Dawa ya presha huandikwa kwa makini: miligramu kadhaa, saa fulani, urudi baada ya mwezi. Lakini "upunguze uzito" hutupwa hewani mgonjwa akiwa ameshasimama kuondoka. Kilo ngapi? Kwa muda gani? Hakuna anayemwambia. Naye anadhani anatakiwa arudie umbo la ujanani, anajinyima wiki chache, mwisho anaacha kabisa.

Kumbe faida huanza mapema. Mwenye kilo 100 akipunguza 5 hadi 10, mara nyingi presha hushuka, sukari hutulia na mafuta kwenye ini hupungua. Machoni pa watu bado ni mnene (na watu hawaishiwi maneno), ila vipimo vyake vimebadilika. Magoti ndiyo husikia upesi: utafiti wa mwaka 2005 kwa wenye ugonjwa wa goti ulionyesha kuwa kila kilo inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Kwa kisukari cha aina ya pili, mambo ni makubwa zaidi. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliohusisha watu waliougua kwa muda usiozidi miaka 6. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya waliosimamiwa kupunguza uzito sukari yao ilishuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Siuiti uponyaji, maana uzito ukirudi, sukari nayo hurudi. Lakini waliosimamiwa ndio waliofanikiwa hivyo. Hawakupewa ushauri wa mdomo tu wakaachwa.

Usimamizi unahitajika pia kwa usalama. Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) akipunguza chakula ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi akaanza kutetemeka, kutoka jasho, hata kuzimia. Wa vidonge vya presha anaweza kupata kizunguzungu kila akiinuka. Kwa hiyo dozi ipitiwe upya na daktari, si mgonjwa kujipunguzia nyumbani.

Na kama kilo zinakutoka bila wewe kufanya lolote, usipokee pongezi za mtu. Nenda ukapimwe.